Misimbo mitano ya hitilafu kwenye V8 ya 1999: P0171, P0174, P0300, P0305, P0420. Nianzie wapi?

Zuhura_V8

Habari zenu wote. Nina sedani kubwa ya kifahari ya mwaka 1999, V8 ya petroli, otomatiki, imeshatembea kilomita 231,000. Lilikuwa gari la baba. Aliliendesha miaka kumi na sita, kila alichokifanya akakiandika kwenye daftari, na sasa daftari na gari vyote viko kwangu. Sitaki kuliuza, na sitaki life mikononi mwangu.

Tatizo lilianza miezi miwili iliyopita. Asubuhi nikiwasha, injini inatetemeka gari likiwa limesimama. Mshale wa mizunguko unapanda mpaka 900, unashuka mpaka 550, unapanda tena. Nikishaondoka linatulia, nikisimama kwenye foleni linaanza upya. Taa ya cheki injini imewaka, na siku moja nikipanda mlima ilianza kupepesa badala ya kuwaka tu. Niliogopa, nikapaki pembeni.

Nilinunua kisomeo kidogo cha blututhi kinachochomekwa chini ya dashibodi. Kikanipa hii: P0171, P0174, P0300, P0305, P0420.

Fundi wa kwanza aliangalia orodha akasema sensa za oksijeni zote nne zimekufa. Wa pili akasema katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, imekufa, na mita inayopima hewa inayoingia kwenye injini pia. Nilibadilisha sensa moja ya mbele, tukafuta misimbo, taa ikazimika. Siku ya tatu ikarudi, misimbo ile ile.

Kingine: taa ya ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na ile ya kuzuia kuteleza zinawaka pia, lakini kisomeo changu hakisemi lolote kuhusu hizo. Kinasema hakuna hitilafu nyingine.

Ninachoomba kuelewa: misimbo mitano ni matatizo matano? Kuna mmoja unaozaa mingine? Na kwa nini kisomeo kinanyamaza wakati taa mbili zinawaka mbele ya macho yangu?

Kasi_Pole

Dada, usijisumbue sana. Chomoa terminali hasi ya betri dakika 15, rudisha, kompyuta inaanza upya. Mara nyingi magari ya zamani yanajaza tu misimbo ya kale. Taa ikirudi, badilisha mita ya hewa. Lean, yaani hewa nyingi petroli kidogo, mara nyingi ni mita ya hewa.

FundiWaya

Binti Zuhura, pole kwa msiba wa mzee. Na umefanya jambo la maana kuandika namba zote tano. Wengi wanaokuja kwangu wanasema "taa inawaka" na misimbo wameshaifuta njiani.

Kasi_Pole, ndugu yangu, hapo kwenye betri naomba tusikubaliane. Ukichomoa betri unafuta misimbo, na pamoja nayo unafuta kitu chenye thamani kuliko misimbo: ile picha ambayo kompyuta huipiga dakika hitilafu inapotokea. Inahifadhi mizunguko, joto la maji ya injini, mwendo wa gari, mzigo wa injini na marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta imeongeza au kupunguza. Ukiifuta umepoteza shahidi aliyekuwepo. Tena magari ya kifahari ya miaka hiyo ukikata umeme redio inaomba namba ya siri, vioo vinasahau vinakoishia, na throto ya umeme (mlango wa hewa ya injini) inaweza kuhitaji kufundishwa upya. Ndiyo maana taa yake ilikaa siku tatu: hitilafu nyingi za aina hii hazitakiwi kuwasha taa kwa safari moja, kompyuta husubiri izione kwenye safari mbili zinazofuatana. Gari halikupona. Kompyuta ilikuwa inahesabu upya.

Nimefanya umeme wa magari miaka 31. Kitu kilichomaliza fedha za watu mbele ya macho yangu kuliko vyote ni kusoma msimbo kama jina la kifaa cha kwenda kununua. P0171 haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Inasema hivi: "Sensa ya oksijeni inaniambia upande huu hewa ni nyingi, petroli ni kidogo. Nimeongeza petroli mpaka mwisho wa ruhusa yangu, na bado inaniambia hivyo hivyo." Sensa imetoa taarifa, na taarifa huenda ni ya kweli kabisa. Sensa yenyewe ikifa ina misimbo yake, kama P0135 ambayo ni hita ya sensa ya mbele, benki ya 1 (benki ni safu ya silinda). Wewe huna hata mmoja wa aina hiyo. Nikiona orodha yako sioni sababu ya kugusa sensa yoyote ya oksijeni.

Jinsi ya kuusoma. Herufi ya kwanza inakuambia uko sehemu gani ya gari: P ni injini na giaboksi, C ni breki, usukani na sasipensheni, B ni mambo ya bodi kama mifuko ya hewa na viti, U ni kompyuta kushindwa kuongea na kompyuta nyingine. Tarakimu inayofuata, ikiwa 0, maana ya msimbo ni moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, ni lugha ya nyumbani kwa mtengenezaji, usiitafsiri kwa orodha ya jumla. Tarakimu inayofuata hiyo ndiyo mtaa: 1 na 2 ni hewa na mafuta, 3 ni moto wa plagi na kumisi (silinda kushindwa kuwaka), 4 ni usafi wa moshi, 5 ni mwendo na mizunguko ya kusimama, 6 ni kompyuta yenyewe, 7 ni giaboksi. Mbili za mwisho ndiyo nyumba yenyewe.

Sasa weka yako mezani yote pamoja, usiusome mmoja mmoja.

P0171 ni mchanganyiko mwepesi benki ya 1. P0174 ni malalamiko yale yale benki ya 2. V8 ina safu mbili za silinda nne nne, na kila safu ina sensa yake ya oksijeni. Sensa mbili kufa wiki moja, zikadanganya uongo mmoja, ni jambo nililoliona mara chache mno. Pande zote mbili zikilia kwa sauti moja, tafuta wanachochangia. Wanachangia mita ya hewa, pampu ya petroli, manifoldi ya kuingizia hewa, na mabomba ya mpira yanayovuta mvuke wa oili kutoka ndani ya injini kurudi kwenye manifoldi. Kwenye gari la miaka hii mpira unakauka, unakuwa kama ganda la mti, unapasuka nyuma ya injini ambako macho hayafiki. Hewa inaingia kwa mlango wa uani. Mita ya hewa haikuihesabu, kwa hiyo kompyuta haikuitolea petroli. Petroli inataka uwiano wa takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito, na hewa ya uani inauvuruga uwiano huo hasa injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa, kwa sababu hapo hewa halali ni kidogo na ya wizi inaonekana kubwa. Wewe mwenyewe umesema gari linatetemeka likisimama na kutulia likiondoka. Umenipa nusu ya jibu kabla sijauliza.

P0300 ni kumisi bila mpangilio, silinda zinabadilishana. Mchanganyiko mwepesi unatosha kabisa kuzaa hiyo. P0305 ni silinda ya 5 kwa jina. Huyu anaweza kuwa mtoto wa ule ule wepesi, au ana lake pembeni. Nitarudi kwake.

P0420 inasema katalisti ya benki ya 1 haisafishi kama inavyopaswa. Usiinunue. Injini inayomisi inapeleka petroli mbichi kwenye katalisti, na mchanganyiko uliovurugika unavuruga hata kipimo chenyewe. P0420 husomwa mwisho, baada ya wengine wote kunyamaza. Lakini ile taa kupepesa mlimani ni kweli tupu: inapepesa wakati kumisi kumefika kiwango cha kuichoma katalisti. Ikipepesa tena punguza mguu, nenda polepole au simama. Ulipofanya kupaki pembeni ulifanya sawasawa.

Kabla ya kununua chochote, naomba uniletee namba hizi. Kisomeo chako kinaweza, nenda kwenye data za moja kwa moja:

Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, benki zote mbili, injini ikiwa imeshapata moto na inaunguruma bila kukanyagwa. Halafu shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika nzima, usome tena. Ikiwa ni makubwa ukisimama na yanashuka ukikanyaga, ni hewa ya uani. Ikiwa ni madogo ukisimama na yanakua kadiri injini inavyofanya kazi, tazama pampu ya petroli, filta yake, au mita ya hewa iliyochafuka. Kipimo hiki kimoja kingewazuia mafundi wote wawili.

Volti za betri injini ikiwa imezimwa usiku kucha, kisha ikiwaka. Nataka kama 12.6 asubuhi, na kati ya 13.8 na 14.5 ikiunguruma. Magari haya yana kompyuta nyingi, na umeme ukipungua kila moja inaandika malalamiko yake. Nimeshaona orodha ya misimbo 23 ikaisha kwa kukaza waya mmoja wa athi.

Na ile picha ya tukio. Iandike yote kwa mkono.

Kuhusu ABS: kisomeo chako hakikudanganyi, ila kinaongea na kompyuta ya injini tu. Sheria zilizoleta soketi ya pini 16, Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001, zilikuwa sheria za moshi. Ziliwalazimisha watengenezaji kufungua yanayohusu moshi. ABS, mifuko ya hewa, springi za hewa, kiyoyozi na viti vilibaki kwenye lugha ya kila mtengenezaji. Tafuta mtu mwenye skana inayojua aina ya gari lako. Na taa mbili kuwaka pamoja zisikutishe: kuzuia kuteleza kunategemea sensa zile zile za magurudumu ambazo ABS inazitumia. Sensa moja ikinyamaza, zote mbili zinajiondoa.

Kasi_Pole

Mzee, nimekuelewa na ninaondoa ushauri wangu wa betri. Niongeze tu hilo la lugha ya nyumbani, maana limenigharimu. Nilipata P1128 kwenye gari langu, nikaitafuta kwenye simu, orodha ya kwanza ikaniambia mota ya throto imekwama. Nikanunua throto nzima, nikaifunga, msimbo ukabaki pale pale. Nilikuwa nasoma orodha ya gari la watu wengine.

FundiWaya

Pole sana, na asante kwa kulisema, litamwokoa mwingine. P1128 ni mfano mzuri kuliko wowote ninaoujua. Kwa Toyota na Lexus ni kweli ni mota ya throto kukwama. Kwa Volkswagen na Audi ni mchanganyiko mwepesi benki ya 1. Kwa Ford ni sensa za oksijeni za mbele zimefungwa kwa kubadilishana pande. Namba moja, magonjwa matatu yasiyojuana. Ukiona P1, kwanza jina la gari, pili mwaka, tatu injini, ndipo ufungue kitabu.

Mwanagenzi

Samahani kuingilia. Mimi nina la 1991, la kifahari pia, na halina soketi ya pini 16 kabisa. Nimepapasa chini ya dashibodi yote. Lina maana halina misimbo?

FundiWaya

Linayo, mwanangu, ila linaisema kwa njia nyingine. Kabla ya soketi ya pamoja kila mtengenezaji alikuwa na yake. Mercedes-Benz nyingi za miaka ya 1990 zina soketi ya duara ya pini 38 ndani ya boneti. BMW walikuwa na ya duara ya pini 20, nayo iko kwenye injini. Toyota na Lexus za wakati huo unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inapepesa. Unahesabu: mbili, pumziko, tano, basi ni 25, mchanganyiko mwepesi. Ikipepesa mfululizo bila pumziko, hakuna kilichoandikwa. Hesabu mara tatu na uandike kila raundi, jicho linachoka haraka.

Usiunganishe pini yoyote kabla hujawa na mchoro wa gari lako hasa. Pini zilizo jirani nyingine zina umeme wa betri, na kompyuta ya gari la 1991 haipatikani kirahisi.

Zuhura_V8

Shikamoo mzee. Nimefanya yote uliyosema, imenichukua jioni mbili.

Betri asubuhi 12.5. Injini ikiwaka 14.1.

Injini ikiwa na moto, bila kukanyaga: benki ya 1 asilimia +19.5, benki ya 2 asilimia +21.1. Kwenye 2,500: +5.5 na +6.3.

Picha ya tukio iliyoambatana na P0174: maji nyuzi 88, mizunguko 680, mwendo 0.

Halafu nikasikiliza. Nilizima redio, nikafungua boneti, nikainama upande wa nyuma ya injini. Kuna mluzi mwembamba sana. Nilidhani ni mkanda. Nikifungua kifuniko cha kujazia oili injini inabadilisha sauti, inataka kuzimika.

Na swali: silinda ya 5 ni ipi? Fundi wa kwanza alihesabu kulia-kushoto-kulia-kushoto akabadilisha koili (kinachoipa plagi umeme) ya pale alipofika. Haikusaidia.

FundiWaya

Marahaba binti. Umenifurahisha kwa kuandika mpaka nukta ya asilimia.

Kumi na tisa na ishirini na moja ukisimama, tano na sita ukikanyaga. Hiyo ni hewa ya uani, pande zote mbili, sina shaka. Pampu yako ya petroli ni nzima, ingekuwa mbovu namba zingepanda ukikanyaga. Picha ya tukio inasema neno lile lile: injini ina moto, gari limesimama. Na mluzi unakuonyesha mahali. Lipeleke gari kwa mtu mwenye mashine ya moshi. Wanapuliza moshi mwepesi ndani ya manifoldi injini ikiwa imezimwa, na unapotokea ndipo palipopasuka. Tafadhali usikubali mtu apulizie petroli au kemikali ya kusafishia juu ya injini yenye moto ili asikilize mizunguko ikipanda. Najua wanafanya. Nimeona gari likiwaka.

Muombe aanzie kwenye bomba la upumuaji wa oili na valvu yake, nyuma ya manifoldi. Mluzi pale ni dalili ya kawaida ya valvu hiyo kuchanika.

Silinda ya 5: fundi wako alihesabu kwa kanuni ya gari jingine. V8 nyingi za Kijerumani zina 1 hadi 4 upande mmoja na 5 hadi 8 upande wa pili. V8 za Toyota na Lexus za miaka hiyo zina witiri upande mmoja na shufwa upande mwingine. Anayehesabu bila kujua atapima silinda nzima na kuiacha mbovu. Angalia kitabu cha gari lako. Benki ya 1 siku zote ni ile yenye silinda namba 1, hilo halibadiliki, lakini iko kulia au kushoto inategemea mtengenezaji.

Ukishaipata, usinunue koili. Chomoa koili ya 5, ifunge kwenye jirani yake, ya jirani ilete 5. Endesha. Kumisi kukihama na koili, koili ni mbovu. Kukibaki 5, tazama plagi, kisha injekta kwa namna hiyo hiyo, kisha upime mgandamizo wa silinda. Na unapochomoa koili, mulika tochi ndani ya shimo la plagi. Niambie kama ni pakavu.

Zuhura_V8

Si pakavu. Silinda ya 5 iko upande niliokuwa sijautazama kabisa, na shimo lake limejaa oili karibu nusu ya plagi. Mpira wa koili umevimba na umekuwa laini. Ya 6 ina unyevu kidogo. Nyingine zote kavu.

Nimefungua daftari la baba. Gasketi za vifuniko vya juu vya injini alizibadilisha kwenye kilomita 118,000. Ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "oili kwenye plagi."

FundiWaya

Basi mzee alishakujibia. Kilomita 113,000 zimepita tangu aandike, gasketi hizo zimefika. Badilisha za pande zote mbili, pamoja na zile duara zinazozunguka mashimo ya plagi, maana ndizo zinazozuia oili isishuke. Kausha mashimo kabla ya kung'oa plagi, la sivyo oili inaingia silindani. Plagi nane mpya. Koili ya 5 jaribu kwanza kuisafisha na kubadilisha mpira wake tu.

Kwa hiyo una mambo mawili, si matano: bomba lililopasuka na gasketi iliyochoka. P0171, P0174 na P0300 ni vya bomba. P0305 ni ya gasketi. P0420 tutaiuliza baadaye. Tengeneza bomba kwanza, ufute misimbo, uendeshe siku mbili, ndipo ufanye gasketi. Ukifanya yote siku moja hutajua kipi kilitibu nini, na gari la umri huu litakuja kukuuliza tena.

Zuhura_V8

Nimerudi baada ya wiki tatu, nilitaka nije na namba na si maneno.

Moshi ulitokea nyuma ya manifoldi, pale pale. Valvu ya upumuaji ilikuwa imechanika na bomba lake lilivunjika mkononi mwa fundi kama biskuti. Baada ya kubadilisha, marekebisho yakashuka siku hiyo hiyo, na sasa yametulia +2.3 na +3.1. Mshale umesimama kwenye 650, hautikisiki.

P0305 ilibaki peke yake, kama ulivyosema inaweza kuwa na lake. Gasketi, plagi na mpira wa koili vikaimaliza. Koili ni ile ile ya zamani.

Nimeshaendesha kilomita 640. Kipimo cha katalisti kimekamilika, kisomeo kinaonyesha kimepita, na P0420 haikurudi. Nilishaanza kutafuta katalisti ya kununua.

ABS: mtu mwenye skana ya aina ya gari langu alisoma gurudumu la nyuma kulia, hakuna mawasiliano ya sensa. Fundi aliyekuwa naye alitaka kuiagiza. Nikamuomba apime kwanza. Tatu zilisoma kama 1,070, 1,085 na 1,062 za ohmu, ya nne haikusoma kitu. Alipofuata waya tukakuta umesuguliwa na chuma cha sasipensheni mpaka shaba imekatika. Tumeuunganisha kwa risasi, tukaufunga vizuri na kuusogeza mbali na kile chuma. Taa zote mbili zimezima.

Yote nimeyaandika kwenye daftari chini ya mwandiko wa baba, na tarehe na kilomita.

Mzee, limebaki moja. Ile sensa ya oksijeni niliyoitoa mwanzo, ambayo haikuwa na kosa, niirudishe au niache mpya?

FundiWaya

Acha mpya, imeshazoea mahali pake, na kufungua nati hiyo mara ya pili unaweza kuharibu uzi wa ekzosi. Ya zamani ifunge kwenye mfuko mkavu, andika "nzima, benki ya 1 mbele, ilitolewa kilomita 231,000", uiweke pamoja na daftari.